Mgeni Hakufuata Kuku

Safu ya maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia mahali pamoja: kukaa kwa watu, shambani, ukiwa mgeni, au wewe ndiye mwenye nyumba na mgeni yuko njiani. Naelewa. Vyuo vinatawanya vijana kwenye mafunzo kwa vitendo, na Wazungu nao hupenda kutujia kiangazi. Mimi napokea wageni tangu 2009, hapa chini ya Mlima Rungwe: ekari mbili na nusu, migomba, chai kidogo, ng'ombe wawili wa maziwa, na Mzee wangu ambaye hataki kelele kabla hajanywa chai. Wamekuja wa siku mbili, amekuja wa miezi mitano. Najibu kwa niliyoyaona.

*Shikamoo Mama. Nina miaka 22, nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Chuo kimenipangia wiki nane kwa familia ya wakulima wilayani Rungwe, kuanzia Juni. Nimeambiwa kuna baridi kali na choo ni cha shimo. Sijawahi kulala kijijini hata siku moja. Naogopa kuonekana mvivu, na pia naogopa kuonekana najifanya najua. Nibebe nini, na nikifika nifanyeje? – Binti wa Temeke*

Marahaba, mwanangu. Baridi ni kweli. Watu wa Pwani mkisikia nchi za tropiki mnawaza jasho, lakini Tukuyu, mji wetu hapa Rungwe, iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai ukungu hushuka mlimani ukakaa kwenye migomba mpaka saa nne asubuhi. Beba sweta mbili, soksi nzito na kofia ya kulalia, usicheke, utanikumbuka. Halafu usikiamini sana hiki kiangazi chetu. Rungwe ni kati ya wilaya zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, ziko sehemu zinapita milimita 2,000 kwa mwaka, na manyunyu hayajui kalenda. Udongo wetu ni wa volkano, mweusi, wenye rutuba ya kutisha, na ukilowa unateleza kama sabuni. Nunua gambuti ukifika Tukuyu, na uzipime ukiwa na zile soksi nzito mguuni. Mwaka jana alinijia kijana na raba nyeupe. Siku ya tatu alikuwa anatembea na gambuti za Mzee, namba kumi, amezijaza magazeti kwa mbele.

Njiani: basi la kutoka Dar likifika Uyole, shuka. Konda anaweza kukwambia twende tu mpaka stendi ya Mbeya. Ukienda utarudi njia ileile kwa nauli nyingine. Kosta na Noah za Tukuyu na Kyela zinaita watu palepale njia panda. Barabara itapanda mpaka Isongole, pale utakapoona kina mama na viroba vya viazi mviringo na mafungu ya karoti. Vaa sweta hapo hapo, usingoje kutetemeka, halafu mtateremka kuelekea Kiwira.

Choo cha shimo hakijamuua mtu. Beba tochi, nenda kabla giza halijashika, funika tundu ukimaliza. Basi.

Salamu ndizo zitakazokufungulia nyumba. Asubuhi utaambiwa kwa Kinyakyusa, "ugonile". Wanakuuliza kama umelala salama. Kushukuru ni "ndaga", na ukishukuru kwa moyo wote unasema "ndaga fijo". Huna haja ya kujua zaidi ya hapo wiki ya kwanza, watafurahi mno hata ukikosea. Ukimsalimia mzee, inama kidogo magoti. Wasichana wa kwetu huinama hivyo. Mwenye nyumba muite baba, mkewe muite mama. Neno "anti" liache Temeke.

Kuna jambo utaliona usilielewe. Mke wa kijana wa nyumba hiyo anatembea njiani, baba mkwe anatokea upande wa pili, na yule dada anaiacha njia anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Hawajagombana. Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Zamani ilikuwa sheria kali, siku hizi nyumba nyingi zimelegeza, nyingine bado. Wewe ni binti, haikuhusu, ndiyo maana utashangaa unatumwa wewe kupeleka sahani ya baba wakati dada yupo amesimama tu. Peleka. Usiulize mbele ya watu. Muulize mama jioni jikoni, atakusimulia mpaka kuni ziishe.

Sasa hofu yako yenyewe, uvivu na kujifanya unajua. Najua unangoja nikutajie ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Siitaji, maana aliyeitunga hakuona mgeni wangu wa siku ya tatu akipalilia: alitoa magugu na maharage yangu yote yaliyokuwa yameota kati ya mahindi, mistari minne, safi kabisa, akasimama ananitazama apongezwe. Nikampongeza. Ningefanyaje?

Usiombe jembe. Omba kazi moja ndogo yenye saa yake, na hiyo kazi iwe yako kila siku mpaka unaondoka. Ningekuchagulia kumenya ndizi, kwa sababu ndizi zinamenywa kila siku inayoumbwa, zinamenywa jikoni mahali stori zilipo, na ukikosea hasara ni ndogo. Mama atakushushia chana tatu nne za ndizi mbichi, matoki kama tunavyoziita. Kabla ya yote jipake mafuta ya kula viganjani na kwenye kisu, vinginevyo utomvu utakuganda vidoleni mpaka Jumapili. Kata ncha mbili. Chora mstari mmoja kwa urefu, kisu kisizame kwenye nyama. Ingiza dole gumba chini ya ganda usukume, ganda linatoka zima kama koti. Itumbukize majini saa ileile, ikikaa hewani inageuka nyeusi na watoto watakucheka. Maganda mpelekee ng'ombe. Na vaa kitenge kikuukuu, kwa sababu doa la utomvu wa ndizi utazikwa nalo.

Siku ya kwanza utamenya ndizi sita wakati mama amemenya thelathini. Wiki ya pili hakuna atakayekuangalia tena, na hapo ndipo utakuwa umefika.

Ng'ombe mwache kwanza. Natoa ushauri huu kwa uchungu. Mwaka 2009 mgeni wangu wa kwanza kabisa, kijana wa chuo, aliniomba tukamue naye. Saa kumi na moja alfajiri akaingia bandani na koti la mvua la njano linalochakacha na taa ya kichwani inayomulika kama pikipiki. Ng'ombe wetu wakati ule aliitwa Sikujua. Sikujua akaona jua linamjia kutoka mlangoni. Alipiga teke ndoo, akapiga teke ukuta, na maziwa akayazuia. Alizoea mkono wangu na giza, na ng'ombe akishtuka hashushi hata umkande vipi. Asubuhi ile tulipata kikombe kimoja. Jioni aliendelea kubana. Ilinichukua siku mbili kumrudisha, naye kijana wa watu siku mbili zote hakula vizuri kwa aibu. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia. Kama unataka kukamua, wiki ya kwanza mpelekee tu Sikujua wenu pumba na majani ya guatemala, akujue harufu na sauti. Wiki ya tatu omba.

*Mama, mimi ni mkulima wa viazi na parachichi huku Njombe. Tumepata mgeni kutoka Ujerumani, atakaa kwetu mwezi mzima kujifunza kilimo. Mume wangu ameshauza mbuzi wawili kununua kitanda cha sita kwa sita. Nimesikia hawali ugali. Nimetenga kuku kumi na wawili. Je, inatosha? Na je, ni aibu kumdai hela ya chakula? – Mama wa Njombe*

Mdogo wangu, mwambie shemeji mbuzi waliobaki wabaki.

Nikusimulie. Mwaka 2011 alinijia mama mmoja wa miaka hamsini na kitu kutoka Uholanzi. Nilimpisha chumba chetu. Mimi na Mzee tukahamia chumba cha watoto, watoto wakahamia sebuleni, na bibi yao aliyekuwa akilala sebuleni akahamia kwa jirani. Nyumba nzima ilisogea kwa sababu ya mtu mmoja. Siku tisa mfululizo nilipika wali, mchele wa Kyela unaonukia, na kuku, na soda mezani, na nyama ya kukaanga pale kuku alipochelewa kukamatwa. Majogoo yalipoisha nikaingia kwenye matetea yanayotaga. Dukani daftari langu lilifika shilingi elfu sitini na mbili, na hiyo ni hela ya 2011. Sisi wenyewe tulikuwa tunakula jikoni baada yake, kimyakimya, kama wezi.

Siku ya kumi mwili ulikataa. Nikalala na homa. Binti yangu, wakati huo yuko darasa la sita, hakujua kupika pilau. Akamwekea mgeni walichokuwa wanakula wao: magimbi ya kuchemsha, maharage, na parachichi lililokatwa likanyunyiziwa chumvi. Yule mama akala. Akaongeza. Akaingia mwenyewe jikoni na sahani, akakaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Halafu akaja mlangoni kwangu akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha kitabuni, "Mama, kwa nini mlikuwa mnanificha?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani namkirimu, kumbe nilikuwa nimemfungia sebuleni siku tisa na sahani ya wali.

Kwa hiyo hao kuku kumi na wawili, mpikie mmoja Jumapili ya kwanza, mwingine siku ya kuaga. Kumi wanaobaki watage. Siku nyingine apate mnachopata, ila kiwe cha kutosha na kimeiva. Ugali wanakula, kinachowashinda ni kuula bila mboga ya kutosha, na hilo hata mimi linanishinda. Viazi hamna haja ya kuambiwa, Mjerumani na kiazi ni ndugu. Muulize kabla hajaja, kwa ujumbe wa simu, kitu gani hali kabisa kwa sababu ya mzio au dini, halafu amini jibu lake. Akisema hali nyama, usimwekee mchuzi wa nyama ukamwambia nyama umeitoa. Nimewahi. Anajua.

Kitanda tayari kimenunuliwa, sisemi kitu, ila sita kwa sita kwa mtu mmoja ni uwanja wa mpira. Mgeni anataka mlango unaofungika kwa ndani, godoro lisilobonyea, chandarua hata kama Njombe mbu ni wachache, blanketi mbili nzito, na ndoo ya maji ya moto ya kuoga jioni. Na anataka dakika fulani za siku ambazo hakuna mtu anamtazama. Sisi mgeni akikaa peke yake chumbani tunadhani amenuna, tunamtumia mtoto akamchangamshe. Muache. Anaandika, au analala, au anawakumbuka kwao.

Maji ya kunywa yachemshe mbele yake, umwekee kwenye chupa ya chai yenye alama yake. Maziwa pia yachemshwe. Mambo ya "sisi tumekunywa mabichi tangu utoto" tuyaweke pembeni. Brusela inatoka kwa ng'ombe inaingia kwa mtu kupitia maziwa hayohayo, na homa yake inakwenda na kurudi hadi mtu anatibiwa malaria mara tatu asiyokuwa nayo. Na siku mnapopulizia dawa kwenye viazi, mgeni akae mbali, hata akiomba kupiga picha. Watoto wenu pia, tukiwa tumelitaja.

Hela. Aibu ni kunung'unika akishaondoka. Kuna shirika, jina nalihifadhi, lililokuwa likituletea wageni miaka ile. Walitupa posho ndogo kwa wiki, tukashukuru, tukapiga magoti. Usiku mmoja mgeni mezani, bila ubaya wowote, akataja kiasi alichowalipa wao kwa ajili ya "kukaa na familia". Mzee akahesabu kichwani, akaniangalia. Ilikuwa kama mara sita ya tuliyopewa. Mgeni alipoziona nyuso zetu akaelewa, na chakula kile kilikuwa kigumu kumeza kwa sisi sote watatu. Tangu hapo mgeni yeyote, aje kwa mkono wa nani, namuuliza aliyemleta kwa maandishi: amelipa nini na sisi tunapata nini. Kama amekuja moja kwa moja, namtajia bei ya siku yenye kitanda, milo mitatu na maji ya moto, kabla hajakata tiketi. Hajawahi kukasirika hata mmoja. Wanaokasirika ni wale wanaokuta bei inatajwa siku ya kuondoka.

Ndugu wa damu, huyo simtozi. Akileta sukari na sabuni nazipokea kwa mikono miwili.

*Habari Mama. Nina shamba la kakao Kyela. Rafiki yangu Mwingereza anakuja na viza ya utalii, anataka kunisaidia kuvuna na kuchachusha mwezi mzima bila malipo yoyote. Kwa kuwa simlipi, hakuna shida, au sivyo? – Kijana wa Kyela*

Shida ipo, nkamu. Viza ya utalii ni ya kutembea. Mgeni anayekuja kujitolea, hata kama hapati senti, anahitaji kibali, na wajitoleaji wako kwenye kibali cha ukaazi daraja C. Pita ofisi ya uhamiaji uulize kabla hajanunua tiketi, wakueleze kinachomfaa kwa muda wake. Akija tu kukutembelea, aone unavyopasua matunda, aonje ule ute mtamu, afunue majani ya mgomba aone mbegu zinavyofuka moshi siku ya tatu ya kuchacha, huyo ni mgeni wako kama wageni wengine.

Kwa vyovyote vile, siku anayofika mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji na ofisi ya mtendaji, aandikwe kwenye kitabu. Inachukua nusu saa na inakuokoa maneno. Na mwambie aonane na daktari kwao kuhusu kinga ya malaria. Sisi wa juu tunajisahau, lakini kwenu bondeni, kando ya Ziwa Nyasa, joto na mbu ni habari nyingine kabisa. Mgeni wangu mmoja alishuka Matema kwa siku tatu akiwa ameacha chandarua kwangu "kwa sababu Rungwe hakukitumia". Wiki mbili baadaye alikuwa anatetemeka kwa homa.

*Mama, tumepokea binti kutoka nje, ni mwema sana, ila simu haishuki mkononi. Anapiga picha watoto wakioga, anapiga picha jiko letu lenye moshi, juzi alimpiga mama yangu mzazi akiwa amelala kivulini baada ya kuchuma kahawa. Mtoto wa jirani ameziona mtandaoni. Tumwambieje bila kumvunja moyo? – Baba wa Mbozi*

Mwambie leo, baba, na umwambie wewe, usimtume mtoto. Picha za watoto wakioga azifute kwenye simu na huko alikoziweka, mbele yako. Hapo hakuna kuzungukazunguka. Picha ya bibi, ampelekee bibi mwenyewe aione, amuombe. Pengine bibi atakubali, pengine atataka apigwe nyingine akiwa na kilemba cha kanisani. Mama yangu alitaka hivyo, na ile picha ndiyo tuliyoweka kwenye jeneza lake.

Lakini nami nikuulize. Barua yako kwa chini, sehemu niliyoikata, inasema siku aliyofika mliwapanga watoto wamchezee ngoma huku mkimwambia "piga, piga". Yeye atajuaje kwamba ruhusa iliisha siku ileile? Mimi siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha choo, namwambia mgeni: shamba piga, ng'ombe piga, mlima piga mpaka uchoke, mtu, uliza. Maneno hayo hayajawahi kumvunja mtu moyo.

Moshi wa jikoni sioni aibu yake. Tunapikia kuni, wote tunajua.

*Mama, nisaidie haraka. Niko kwa familia moja Kiwira, wiki ya tatu. Jana baba alipomaliza kukamua, nilisuuza ndoo kwa maji kidogo ili tone lisipotee, nikayamimina yale maji kwenye keni. Kituoni maziwa yamekataliwa, baba kaambiwa mbele ya wenzake kwamba ameongeza maji. Amerudi hasemi. Hajui ni mimi. Niseme au nikae kimya? – Kijana wa Morogoro*

Huyu nilimjibu kwa simu, angengoja gazeti angekufa.

Kwa wasiojua kituo cha kukusanyia maziwa kinavyofanya: anayepokea anamimina maziwa kwenye chombo kirefu chembamba, anatumbukiza laktomita, kile kioo chenye shingo yenye namba, kinaelea. Maziwa ya ng'ombe yasiyochezewa husoma kati ya 26 na 32 hivi. Ukitia maji yanakuwa mepesi, kioo kinazama, namba inashuka. Kioo hakijui kama maji ni ya tamaa au ya kuhurumia tone. Wanayatikisa pia na spiriti kidogo kuona kama yanaganda, maana yaliyoanza kuchacha huganda. Keni ya mtu mmoja ikiingia mbovu kwenye tangi inaharibu za watu wote, kwa hiyo mpokeaji hana msamaha na hapaswi kuwa nao. Na mkulima aliyewahi kuambiwa ameongeza maji, kesho yake keni yake inapimwa mara mbili na watu walio nyuma yake kwenye foleni wanakohoa.

Maziwa ya asubuhi moja hayakuwa kitu. Kilichomfanya baba arudi hasemi ni kule kukohoa.

Nikamuuliza kijana, baba yuko wapi sasa? Akasema bandani, anakata majani. Nikamwambia nenda ukashike upande wa pili wa lile fungu la matete, na kabla hamjamaliza kulikata uwe umesema. Usianze na "samahani sana sana" ya dakika kumi. Sema: baba, maji niliweka mimi, nilikuwa nasuuza ndoo. Kisha muombe kesho mwende wote kituoni, ukaseme mwenyewe mbele ya walewale waliosikia. Huko ndiko kuna deni. Hela ya maziwa muulize mama ni lita ngapi, umpe mama, usimpe baba.

Alikuwa analia, mtoto wa kiume wa miaka 20. Akakata simu.

Alinipigia siku tatu baadaye. Baba aliposikia aliendelea kukata majani, hakujibu, mpaka fungu lilipoisha. Halafu akauliza kwa upole kama kwao Morogoro maziwa huwa wanayasuuza. Asubuhi wakaenda wote. Kijana akasema mbele ya foleni, sauti ikikwama, na bibi mmoja wa nyuma akacheka mpaka akaweka keni yake chini. Mpokeaji akatumbukiza laktomita, ikasimama kwenye 29. Akampa kijana aisome mwenyewe kwa sauti.

Sasa kazi yake ni kubeba keni mpaka kituoni kila asubuhi. Ndoo hagusi.